Mwenye Njaa Hana Miiko: Kula Vizuri Bila Kujitesa

Ndugu zangu, mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika.

Nimeombwa nizungumze juu ya ulaji bora, na naona baadhi yenu mmeshika kalamu, tayari kuandika orodha ya vyakula vya kuacha. Orodha hiyo sina. Nimefanya kazi ya ushauri wa lishe kwa muda mrefu, na wanaonijia huwa wameshika orodha zao wenyewe. Mmoja ameacha wanga, mwingine ameacha mafuta, mwingine hagusi chochote giza likishaingia. Wanachokosa ni utulivu wanapokaa mbele ya sahani. Wanakula kwa hofu na wakimaliza wanajuta. Leo nimekuja kuwatetea hao, na kukitetea chakula chenyewe. Naamini, na nitaeleza kwa nini, kwamba raha ya kula inaweza kuwa mshirika wetu mkubwa katika kutunza afya, na kwamba miiko mikali tunayojiwekea ndiyo mara nyingi inayotuangusha.

Niwarudishe mwaka 1944, nchini Marekani. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilikuwa inaelekea ukingoni, na ilijulikana kwamba Ulaya kulikuwa na watu wengi mno waliodhoofika kwa njaa. Namna bora ya kuwalisha watu kama hao hadi warudi katika hali yao ilikuwa haijachunguzwa vya kutosha. Mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota akatafuta watu wa kujitolea. Akapata wanaume 36, vijana wenye afya njema, ambao dhamiri zao ziliwakataza kubeba silaha na wakataka kutumikia kwa njia nyingine. Kwa majuma 24 walikula milo miwili kwa siku, kwa wastani wa kalori zisizofika 1,600 hivi, karibu nusu ya walichokuwa wamezoea.

Hebu tusimame kwenye hesabu hiyo. Zipo dayati zinazouzwa leo kwa watu wazima ambazo zinatoa kalori chache kuliko hizo, na zinatangazwa kwa picha za watu wanaotabasamu. Keys aliuita mpango wake jaribio la njaa.

Vijana wale walipoteza karibu robo ya uzito wao. Lakini kilichonigusa zaidi niliposoma habari zao ni yale yaliyowapata akilini. Watu ambao zamani hawakujali mapishi walianza kukusanya vitabu vya mapishi na kuvisoma kama riwaya. Walilamba sahani. Walikiota chakula usiku na kukizungumzia mchana. Mlo mdogo waliurefusha kwa kuuongezea maji na kuuchezea mezani kwa muda mrefu ili usiishe. Wakawa wepesi wa hasira, wakajitenga, mambo waliyoyapenda yakawachosha. Na waliporuhusiwa kula watakavyo, baadhi yao walikula kupita kiasi siku baada ya siku, tumbo limejaa lakini njaa iko palepale.

Hawa hawakuwa walafi wala watu dhaifu. Walichaguliwa kwa uimara wa miili na akili zao. Kwa hiyo mtu anaponiambia, "Mshauri, mimi tatizo langu ni nidhamu, nikijinyima siku nne ya tano navamia jikoni," namweleza habari za vijana wa Minnesota. Wahenga walishalisema hili kwa maneno manne: mwenye njaa hana miiko. Tumelichukua kama neno la kumsamehe maskini. Ni maelezo sahihi kabisa ya jinsi mwili wa binadamu yeyote unavyofanya kazi.

Na sasa tunajua mengi kuhusu namna unavyofanya hivyo. Mwaka 1994 maabara ya Jeffrey Friedman jijini New York ilitambua jeni ya homoni inayoitwa leptini. Homoni hii hutoka kwenye mafuta ya mwili na kuupasha ubongo habari za akiba iliyopo. Mafuta yakipungua, leptini hushuka, na ubongo huamsha hamu ya kula. Mwaka 1999 watafiti wa Japani, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa na wenzao, wakatangaza ghrelini, homoni itokayo tumboni inayochochea njaa. Kisha mwaka 2011 wakachapisha watafiti wa Melbourne, Australia, waliowapa watu 50 wenye uzito mkubwa mlo wa kalori chache mno kwa majuma 10. Watu walipungua, kama ilivyotarajiwa. Mwaka mmoja baadaye walipopimwa tena, homoni zao kadhaa za njaa na shibe zilikuwa bado hazijarudi zilipokuwa mwanzo, nao wenyewe wakasema wanahisi njaa kuliko kabla ya kuanza. Mwaka mzima! Anayerudisha kilo zake baada ya dayati kali hajashindwa na tamaa. Alikuwa anashindana na mwili wake mwenyewe, ambao haulali wala hauendi likizo.

Huo ni upande wa mwili. Upande wa fikra nao una mtego wake, na nadhani huu ndio unaowanasa wengi walioketi hapa.

Mwaka 1975 wanasaikolojia Peter Herman na Deborah Mack walichapisha jaribio ambalo mpaka leo nalitumia katika ushauri. Waliwaalika wanawake, wakawaambia ni kazi ya kuonja. Wengine walinyweshwa kwanza kinywaji kizito cha maziwa na aiskrimu, wengine hawakupewa. Kisha wote wakawekewa aiskrimu, waonje wanavyotaka. Wale ambao kwa kawaida hawajibani katika kula walifanya kama mtu yeyote angetarajia: waliokwisha kunywa kile kinywaji walikula aiskrimu kidogo. Lakini wale waliokuwa na mazoea ya kujibana walifanya kinyume. Waliokunywa kinywaji walikula aiskrimu nyingi kuliko wenzao ambao hawakunywa kitu.

Mnaifahamu sauti iliyokuwa vichwani mwao. "Leo nimeshaharibu, basi niharibu moja kwa moja, kesho nitaanza upya." Kipande kimoja cha keki hakiwezi kumharibia mtu afya yake. Kinachomdhuru ni vipande vinne vinavyofuata, ambavyo asingevila kama kile cha kwanza kisingekuwa dhambi. Anayejiruhusu keki hula kipande, akakifurahia, akaendelea na mambo yake. Aliyejikataza hula kipande, akahukumiwa na nafsi yake, na kwa kuwa hukumu imeshatoka haoni sababu ya kuacha. Ndiyo maana nawasihi muache kuita chakula dhambi, sumu au takataka. Tukishamtia mtu hatiani kwa kula, tumemwondolea uwezo wa kusikia kwamba ameshiba.

Najua kuna anayejiuliza: kwa hiyo tule chochote, kiasi chochote? Hapana, na sitaki mtu aondoke na neno hilo. Chakula kinaweza kuua taratibu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, kikijumuisha ile iliyokwisha kutiwa kwenye mkate na vyakula vya pakiti. Linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ya asali na ya juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati tunayokula, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu wa kalori 2,000, asilimia 10 ni takriban gramu 50. Kopo moja la soda la mililita 330 mara nyingi hubeba gramu 35 hivi. Hesabu hizi nazichukulia kwa uzito wote. Ninachobishania ni njia ya kuzifikia.

Na hapa kuna utafiti ambao ningependa muukumbuke kuliko mengine yote niliyosema. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliwalaza watu 20 katika kituo chao kwa majuma manne. Majuma mawili kila mmoja alipewa vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, vile vya kiwandani vyenye viungo ambavyo huwezi kuvikuta jikoni kwa mtu. Majuma mawili mengine alipewa vyakula vya kawaida vilivyopikwa. Milo iliandaliwa ili iwe sawa katika kalori zinazowekwa mezani, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu aliambiwa ale kiasi anachotaka. Kwenye vyakula vya kiwandani walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku, wakaongezeka karibu kilo moja. Kwenye vyakula vya kupikwa walipungua karibu kiasi hicho hicho, bila mtu kuwaambia wapunguze.

Mtu angedhani walikula zaidi kwa sababu vilikuwa vitamu zaidi. Waliulizwa. Ladha za milo ya aina mbili walizipa alama zinazokaribiana. Raha ilikuwa sawa. Ulaji haukuwa sawa. Tofauti mojawapo iliyoonekana wazi ni kasi: vile vya kiwandani viliteremka haraka zaidi. Ni laini, havihitaji kutafunwa sana, na kila tonge limebeba nishati nyingi katika ujazo mdogo. Shibe huchukua muda kufika, na chakula kilichokwisha kumezwa kabla haijafika hakiwezi kurudishwa.

Kwangu mimi matokeo hayo yanabadilisha swali zima. Tusiulize tena, "Ninyime nini nafsi yangu?" Tuulize, "Nipike nini kitamu, ambacho nikila nitashiba?" Swali la kwanza humaliza nguvu za mtu kabla ya wiki kwisha. La pili mtu anaweza kuishi nalo hadi uzeeni.

Na ladha yenyewe inafanya kazi ya afya kuliko tunavyodhani. Chukua mboga za majani. Nimewaona watu wakizichemsha kwa maji matupu, bila tone la mafuta, wakizimeza kama dawa. Kinachogeuka kuwa vitamini A ndani ya mboga hizo ni beta-karotini, na beta-karotini huhitaji mafuta ili ifyonzwe vizuri. Mafuta kidogo, au karanga za kusaga, huzifanya mboga ziwe tamu na wakati huo huo huusaidia mwili kuchukua kilichomo. Nyanya ikipikwa na mafuta hutoa laikopeni yake, ile rangi yake nyekundu, kwa wepesi kuliko ikiliwa mbichi peke yake. Madini ya chuma ya maharage na dengu ni magumu kufyonzwa, lakini ukikamulia limau au ukala tunda lenye vitamini C pamoja nayo, mwili huyapata zaidi. Mpishi anatia limau kwa ajili ya ladha, na damu inafaidika.

Jaribio maarufu la Hispania lililochapishwa mwaka 2013, na matokeo yake kupitiwa na kuchapishwa upya mwaka 2018 baada ya kasoro za mgawanyo wa washiriki kuonekana, lilihusisha watu zaidi ya 7,400 waliokuwa hatarini kupata magonjwa ya moyo. Makundi mawili yalihimizwa kula mboga, matunda, samaki na jamii ya kunde, na yakapewa bure ama mafuta ya zeituni ama kokwa kama lozi na jozi. Hawakuamriwa kupunguza kalori. Kundi la tatu lilishauriwa kupunguza mafuta. Kiharusi, mshtuko wa moyo na vifo vya moyo na mishipa vilikuwa vichache kwa karibu asilimia 30 katika yale makundi mawili. Waliongezewa vyakula vitamu vyenye mafuta mazuri, na mioyo yao ikanufaika.

Kwa hiyo ushauri wangu huanza na kuongeza. Jaza nusu ya sahani mboga na matunda, robo nafaka ambazo hazijakobolewa au viazi vitamu na mihogo, robo nyingine maharage, samaki, mayai au nyama. Zipike kwa vitunguu, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili, viungo vyovyote unavyovipenda, na utaona chumvi inapungua bila mtu mezani kulalamika. Ukiipunguza chumvi kidogo kidogo, ulimi huzoea baada ya majuma kadhaa au miezi michache, na chakula ulichokiona cha kawaida zamani utakiona kina chumvi mno. Sukari ya chai nayo hivyo hivyo. Usikate yote kwa siku moja kwa hasira. Punguza robo kijiko, kaa hapo, kisha punguza tena.

Kama kuna kitu kimoja ningeomba kipunguzwe waziwazi, ni vinywaji vya sukari. Kalori za kunywa hazishibishi kama za kutafuna. Mtu anakunywa soda na bado anakula mlo wake wote. Raha yake ni ya dakika mbili, na kwa maoni yangu haistahili. Tunda zima litakupa utamu ule ule pamoja na nyuzinyuzi.

Kula kwa wakati. Anayeruka mlo wa mchana kwa kusudi la kupungua hufika jioni akiwa yule mwenye njaa asiye na miiko. Kaa chini. Weka simu mbali. Tonge la kwanza na la pili ndiyo yenye utamu mkubwa kabisa, kwa sababu hamu ya chakula kile kile hushuka kadiri tunavyoendelea kukila. Asiyekuwa makini huzikosa zile tonge bora, kisha huzitafuta kwenye sahani ya pili ambako hazipo. Kama unapenda chokoleti, kula chokoleti nzuri, umekaa, unaionja. Mtu anayeila kwa kujificha jikoni amesimama ndiye anayemaliza pakiti.

Wazazi, nina neno kwenu. Mwaka 1999 Jennifer Fisher na Leann Birch walionyesha kwamba watoto wanaozuiwa chakula fulani kilichopo machoni pao hukitamani na kukizungumzia zaidi. Usimwambie mtoto, "Maliza mboga nikupe biskuti." Kwa sentensi hiyo umemfundisha kwamba mboga ni adhabu na biskuti ni tuzo. Mwekee mboga mezani mara kwa mara, kidogo, bila vita. Huenda akahitaji kuionja mara kumi au zaidi kabla hajaikubali, na wazazi wengi hukata tamaa kwenye ya tatu. Mwache akusaidie kuosha na kukatakata. Na akuone wewe ukiila kwa furaha, maana macho yake yanakufuata kuliko masikio yake. Mama anayeuchukia mwili wake kwa sauti mbele ya kioo anamfundisha binti yake somo pia.

Si mimi peke yangu ninayesema haya. Mwongozo wa ulaji wa Japani wa mwaka 2000 uliweka kufurahia mlo kuwa kipengele chake cha kwanza. Brazil nayo, katika mwongozo wake wa mwaka 2014, iliwaambia wananchi wapike, wale kwa utulivu, mahali panapofaa, na inapowezekana wale pamoja na wengine. Serikali zilizokuwa zinahangaika na magonjwa ya moyo na kisukari zimeona inafaa kuandika neno furaha kwenye waraka wa afya.

Nimezungumza na watu wenye afya ya kawaida. Mwenye kisukari, ugonjwa wa figo, mzio wa chakula, au anayezuiwa ngano kwa ugonjwa wa siliaki, ana mipaka ya kweli ambayo daktari wake amempa, na aifuate. Hata ndani ya mipaka hiyo pana ladha nyingi, na kazi yetu washauri wa lishe ni kukaa naye tuitafute. Mjamzito naye asijaribu kupunguza uzito kwa ushauri wa jirani.

Lakini kuna kundi jingine ambalo nimelifikiria wakati wote nikisema. Ni wale ambao hesabu za chakula zimeshawatawala. Wanapima kila kitu, wanakwepa kualikwa, wanakula kwa siri hadi kuumwa, au wanajitapisha. Wengine wamekonda wakahatarisha maisha. Wengine ukiwatazama huoni chochote. Huo ni ugonjwa, una matibabu, na watu hupona, hasa wakiwahi. Kama ni wewe, au ni mtoto wako, usiongeze kanuni nyingine ya kula kutokana na hotuba hii. Mtafute daktari au mshauri wa afya ya akili. Mimi na wenzangu tutabaki hapa baada ya maswali, kwenye chumba cha pembeni, na hatuondoki mpaka wote wanaotaka kuzungumza faraghani wamemaliza.

Karibuni kwa maswali.